Wamama wa shirika walikuja kuniombea

Alhamisi, mangaribi

Na tena walikuja kumi na mbili! Wamama wakatoliki wa shirika letu, wote na vitenge vya sare, kutembelea mugonjwa. Mugonjwa njo mimi.

Niko na malaria siku ya ine leo, na njo mimi nilienda kuazima viti kwa jirani. Njo mimi niliwasha makala ya jiko, nikakaanga samaki wadogo wa ndagala, nikasonga bukari ya unga. Waliimba nyimbo sita bila kuruka hata ubeti mumoja. Kisha Mama Prezida akanishika mukono: « Mama Justine, usijichokeshe. Pumuzika. » Mudomo wake ungali na mafuta ya ndagala zangu!

Hata mumoja hakuuliza kama kuna maji ndani ya nyumba. Wameenda, sahani zimejaa kwenye beseni, na homa naisikia inarudi. Naogopa.

Nilitaka kuandika hapa kwamba hawana huruma. Lakini mwezi uliopita tulienda kwa Mama Feza, alikuwa ametoka kupasuliwa tumbo hospitalini. Alitembea akishikilia ukuta, akatuletea chai.

Njo mimi nilimuuliza kama sukari imeisha.