Maharagwe Yaliyodhani Ni Chai

Chebowet Estate,
Mogogosiek.
9 Machi 1992

Kwa Mama Owino,

Nakusalimu kwa heshima, na nauliza habari ya magoti yako kabla ya habari nyingine yoyote, maana mara ya mwisho nilikuona ukipandishwa kwenye lile lori la Januari, lililowaondoa watu wa ziwani, umeshikwa mikono yote miwili. Je, Owino amepata kazi huko? Mimi ni mzima wa mwili. Usingizi ndio unaonisumbua.

Mama, nakuandikia kuomba kitu cha aibu. Nifundishe kulima.

Najua utacheka. Msichana wa Kipsigis, aliyezaliwa huku kwenye chai, anamwomba mtu wa ziwani amfundishe kushika jembe! Lakini ulikaa mlango wa pili kutoka kwangu miaka mitatu, unajua nilivyolelewa: bweni tangu darasa la nne, kisha moja kwa moja ofisini. Najua kupiga chapa na kupanga faili. Mboga nilikuwa nakula zako.

Sababu ni hii. Wiki iliyopita meneja msaidizi, Bwana Kipngeno, alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Huu ni mwaka wa uchaguzi. Tutahitaji kujua nani ni nani hapa. Wewe ni mtoto wetu, utatusaidia kuandika." Akatazama dirishani, kwenye nyumba zetu, akaongeza, "Nyumba nzuri kampuni imekupa."

Nilielewa. Anataka orodha ya wafanyakazi na makwao, na wewe na mimi tumeona yanayowapata watu wakishajulikana wanatoka wapi. Bwana Kebaso, karani mkuu aliyenifundisha kazi, ni Mkisii. Ndiyo maana hakuombwa yeye.

Bado sijaagizwa rasmi. Siku nitakapoagizwa, sitaki niwe mtu wa kuandika kwa sababu ya unga wa duka la kampuni. Unga wenyewe unapanda kila wiki, na inasemekana ofisi yetu itapunguzwa watu. Kishamba chako nyuma ya nyumba kimejaa magugu. Nianzie wapi?

Barua hii naiposti mwenyewe sokoni Mogogosiek, siiweki kwenye mfuko wa ofisi. Ukimaliza kuisoma, tafadhali ichome.

Mwanao,
Chemutai


Fort Ternan, huku chini kwenye miwa.
27 Machi 1992

Nyathina, mwanangu Chemutai,

Salamu zako nimezipokea na magoti yamezipokea pia, ingawa hayajapona. Owino anakata miwa. Mikono imepasuka lakini anakula. Tunalala kwa dada yangu, watu tisa, na tunamshukuru Mungu kwa kila mmoja isipokuwa shemeji anayekoroma.

Barua sijaichoma. Karatasi nzuri vile nichome kwa nini?

Sasa sikia. Mtu haanzi na mbegu, anaanza na magugu. Ng'oa yote na mizizi yake, ufukie. Mvua ikikaa wiki mbili, panda maharagwe, punje mbili kila shimo, shimo liwe na kina cha kidole chako hadi fundo la pili. Usiyabananishe kama faili zako, yape nafasi ya kupumua. Vua viatu vya ofisi. Mikono ikitoka malengelenge, hiyo ndiyo karo ya shule yangu, na hakuna msamaha wa karo.

Huyo Kipngeno mwitikie "ndiyo bwana," kisha urudi kupalilia.

Mama yako,
Dorcus, Mama Owino


Chebowet Estate,
14 Juni 1992

Mama mpendwa,

Natumaini baridi ya mwezi huu haijafika huko kwenye miwa, maana huku ukungu unaingia hadi ndani ya droo. Niko salama. Shangazi wa Boito anakusalimu. Jumapili nakwenda kwake kujifunza kukamua. Ng'ombe alinipiga teke mara mbili, na shangazi akasema, "Mwonyeshe cheti chako cha kidato cha nne, labda ataheshimu."

Mama, kuna jambo silielewi. Maharagwe yamestawi ajabu. Yamenipita magoti, majani mapana, ya kijani kibichi hata yanakaribia weusi. Watu wakipita wanasema, "Karani, shamba hilo!" Lakini hayazai. Jana nilihesabu maganda ya shamba zima. Ni kumi na moja.

Sikuvunja agizo lako hata moja. Niling'oa, nikafukia, nikasubiri mvua. Zaidi ya hayo, mtunza stoo aliniruhusu kufagia mbolea iliyomwagika sakafuni, ile ya chai, nikayawekea mara tatu ili yapate nguvu. Nimekosea wapi?

Bwana Kipngeno alipita akaniona nimeinama. Akauliza kwa nini karani anajichafua. Nilisema napenda mboga. Akacheka, lakini alisimama pale kwa muda mrefu. Usiku ule niliota anahesabu maganda yangu.

Mwanao,
Chemutai


Fort Ternan,
2 Julai 1992

Nyathina,

Sisi hatujambo, na baada ya kusoma barua yako hatujambo zaidi. Nimecheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Mwanangu, ile mbolea ni ya majani! Chai hupewa ile kwa sababu watu wanataka majani yake, hakuna anayemwomba chai azae. Wewe umelisha maharagwe chakula cha chai, nayo yakadhani ni chai. Ungeita tu wachumaji wayachume, majani mawili na kichipukizi, uyapeleke kwenye mizani. Hilo ni kosa la watu wa huko peke yenu. Huku hakuna anayeweza kulifanya, mbolea tungeitoa wapi?

Usilie. Majani machanga ya maharagwe ni mboga, chuma, chemsha, tia maziwa ya shangazi. Yaliyobaki ng'oa ufukie. Hapo palipojaa mbolea panda vinavyotakiwa majani: saga, managu, kunde. Viazi panda ule upande ambao hukuufikia na ujinga wako. Kunde zikizidi, zichemshe kidogo, anika juu ya bati hadi zivunjike mkononi, uzihifadhi kwenye mtungi. Mahindi ya mavuno changanya na jivu, dumuzi hatayagusa.

Mtu mwenye mboga kavu na mahindi ya jivu huongea na mkubwa akiwa amesimama wima. Kumbuka hilo kuliko yote niliyokufundisha.

Mama yako,
Dorcus


Chebowet Estate,
20 Septemba 1992

Mama yangu,

Nakusalimu kwa furaha na kwa hofu, zote mbili ziko kwenye kalamu hii. Je, kifua cha dada yako kimepona?

Nianze na furaha. Viazi vya kwanza nilichimba jana, vikubwa kama ngumi ya Owino. Kunde kavu ziko mitungi miwili. Ng'ombe sasa ananiruhusu, na shangazi hanicheki tena, anacheka wengine. Mikono yangu imekuwa migumu hata Bwana Kebaso alipopokea faili kwangu alishtuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Umekuwa kama mama yangu."

Sasa hofu. Ijumaa niliagizwa. Bwana Kipngeno alifunga mlango wa ofisi. Orodha ya wafanyakazi wote, jina, nyumba anayolala, wilaya ya kwao. Iwe tayari tarehe tisa Oktoba. Yeye mwenyewe hawezi kuiandika, kwa maana katika miaka yake yote hapa anawajua watu kwa namba zao za kazi tu. Mimi ndiye ninayewajua kwa majina. Niliuliza orodha inakwenda kwa nani. Akasema, "Hiyo si kazi ya karani."

Nilijibu "ndiyo bwana," kama ulivyonifundisha.

Ni watu mia moja sabini na watatu. Mama, nisipoandika nitapoteza kazi na nyumba siku hiyo hiyo. Nikiandika, kila nyumba itakayobishwa mlango itakuwa imebishwa na mimi. Niambie la kufanya.

Mwanao,
Chemutai


Fort Ternan,
30 Septemba 1992

Chemutai,

Leo sina salamu ndefu. Tu wazima.

Andika. Nakuambia kama mama, andika na usilie juu ya karatasi. Ukikataa, watamtafuta mwingine, na orodha itapatikana tu, ila wewe utakuwa njiani na mzigo kichwani. Najua njia hiyo ilivyo. Mimi nilikuwa na watu wa kunipokea, na bado kila asubuhi naamka nikitafuta mlango wangu upande usio wake.

Viazi havikufanyi uwe askari. Nilikufundisha kulima ili ule, sikukufundisha ili ugombane na wakubwa. Wewe huna mume, huna ng'ombe, huna kaka wa kukusimamia. Sisi tulioondoka tumekwisha kuondoka.

Mtii mama yako.

Dorcus


Fort Ternan,
8 Novemba 1992

Nyathina,

Hujambo? Uko wapi? Wiki tano sasa sijaona barua. Owino alipanda hadi Kericho mjini kuuliza, akakutana na dereva wa Chebowet, akaambiwa nyumba yako ina mtu mwingine. Dereva hakutaka kusema zaidi.

Kama nilikuudhi, niudhi nawe, lakini kwa kuandika. Hata mstari mmoja.

Mama yako, asiyelala,
Dorcus


Kwa Shangazi, Boito.
22 Novemba 1992

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na pokea msamaha ninaouomba, wa kwanza kwa kukunyima usingizi, wa pili kwa kutokukutii. Barua yako ya Novemba ilizunguka ofisini kabla ya Bwana Kebaso kuniletea. Nilikuwa nimeanza kukuandikia mara nne. Kila mara nilishindwa kuandika ile sentensi ya kwanza, kwamba sikukusikiliza. Sasa imeandikika.

Tarehe tisa Oktoba niliingia ofisini kwa Bwana Kipngeno mikono mitupu.

"Karatasi iko wapi?"

"Sijaandika, bwana."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa."

Akaweka kalamu chini, akaongea kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha kuliko kelele. "Chemutai. Wewe ni wetu. Hakuna atakayekugusa. Unajua kazi ya orodha hii?"

"Najua. Ndiyo maana sijaandika. Ukiitaka, andika mwenyewe, kalamu hiyo hapo."

Mama, si mimi niliyesema. Au ni mimi, lakini nilisikia kama mtu anaongea nyuma yangu. Akasimama. "Nyumba ni ya kampuni!" Nikatoa ufunguo. Nikauweka juu ya meza yake. Akacheka. "Na kesho utakula nini, msomi?"

"Nimekula nini tangu Julai?" nikasema. "Uliza duka lenu waliniona lini mara ya mwisho."

Akauvuta ufunguo upande wake. Nadhani hakuwa amefikiria kwamba mtu anaweza kuishi pale bila duka lile. Alikuwa na maneno mengi ya kumtisha mtu mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimekunywa chai na viazi asubuhi.

Ulisema orodha itapatikana tu. Ni kweli, najua. Faili zipo na macho anayo. Lakini alimwita mpiga chapa, Chelimo, naye akasema hajui mtu anatoka wapi, yeye anajua herufi tu. Mpaka leo, asema Bwana Kebaso, Bwana Kipngeno anafungua faili moja moja akiuliza namba hii ni nani. Katika muda huo Bwana Kebaso amewapeleka watoto wake nyumbani kwao, na wengine kumi na tisa wameondoka mchana, kwa miguu yao, na vitanda vyao na kuku wao. Hawakupakiwa kama mlivyopakiwa ninyi. Ikiwa hiyo tu ndiyo kazi niliyofanya mwaka huu, niandikie hiyo.

Hofu haijaniacha. Pikipiki ikipita naweka jembe chini. Hofu ilihamia hapa pamoja nami, tunaamka pamoja, lakini sasa nayo inalima. Shangazi amenipa kipande kando ya mto, mwanawe wa kiume hakupenda, shangazi akamwambia, "Basi njoo ukilime wewe," na mazungumzo yakaisha. Nimepanda saga na sukuma. Wanawake wa hapa wamenunua miche yangu, mimi, niliyelisha maharagwe mbolea ya chai.

Juzi wawili walikuja kutazama mboga zangu zilizoanikwa juu ya bati. Mmoja akauliza nani alinifundisha, maana shangazi mwenyewe hazianiki hivyo. Siku hizi jina la mtu si kitu cha kutaja ovyo huku, Mama. Shangazi alinikonyeza ninyamaze. Nikalitaja lote, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto: "Dorcus, Mama Owino, Mjaluo, alikaa Chebowet miaka ishirini."

Mmoja akaangalia chini. Yule mwingine, mzee kidogo, akageuza jani la sukuma yake alilokuja nalo, lenye matundu, akanisogezea.

"Basi mwandikie," akasema. "Muulize hawa viwavi huwafanyaje."

Nakuuliza, Mama. Jibu upesi, wanakuja tena Jumamosi.

Mwanao,
Chemutai