Nawafungia Wenzangu Mfumo Ili Wanipigie Simu

Bi Aida mpendwa,

Naomba msaada wako, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana nikilisema jambo hili kwa ufupi litaonekana la kipuuzi, na si la kipuuzi, kuna mama wa watu anakaribia kupoteza kazi kwa sababu yangu, naye hajui, na Jumatatu ijayo ndiyo siku ya kikao chake.

Mimi naitwa Chonga, umri wangu umepita hamsini, kwetu ni Kaloleni lakini nakaa Mbaraki, hapa Mombasa, na kazi yangu ni kuangalia kompyuta za kampuni moja ya uchukuzi na kutoa mizigo bandarini, ofisi zetu ziko Shimanzi katikati ya magodauni. Kwa miaka mingi mfumo wetu wa kuwekea rekodi za mizigo, kila kontena, kila lori na kila mteja, ulikuwa ndani ya kompyuta kubwa, seva, iliyokaa katika chumba kidogo nyuma ya ofisi, na ufunguo wa chumba kile nilikuwa nao mimi. Seva haitaki joto, kwa hivyo kiyoyozi kilikuwa hakizimwi, nawe waijua Shimanzi ilivyo mwezi wa pili, basi kila mtu alikuwa na sababu ya kuja kwangu, huyu faili lake limepotea, yule ripoti yake haitoki, mwengine hana shida yoyote ila jasho, na wakija huja na chai na mahamri na habari zao, mtoto anaumwa, mwenye nyumba ni mkorofi, binti anaposwa, nami huku narekebisha huku nasikiliza. Mke wangu Nyevu alipofariki nilirudi kazini kabla ruhusa yangu haijaisha, kwa sababu nyumbani kulikuwa hakukaliki, na mule chumbani hakuna aliyenipa pole zaidi ya mara moja, waliniletea tu chai kama kawaida, na hilo lilinisaidia kuliko pole zote.

Sasa, mwaka jana, mkubwa wetu Bwana Saifuddin, ambaye kampuni ni ya familia yao, aliniita akaniambia, "Chonga, umeme ukikatika twasimama, mvua ikinyesha maji yaingia hadi kwenye chumba chako. Tuhamie kwenye wingu." Kwa asiyejua, maana yake ni kuwa rekodi zetu zitoke kwenye seva yetu zikawekwe kwenye mitambo ya kampuni nyengine iliyo mbali, sisi tuzifikie kwa intaneti, mtu awe ofisini, awe nyumbani kwake, awe na simu barabarani huko Mariakani. Alikuwa na haki, nami ndiye niliyeongoza kazi ile mwanzo hadi mwisho, nikanakili, nikalinganisha rekodi za huku na za kule, nikajaribu tena na tena, na siku ya kuhama hakuna hata kontena moja lililopotea njiani. Watu walifungua kompyuta zao wakakuta kila kitu kipo, tena chepesi kuliko zamani. Bwana Saifuddin alinishika mkono mbele ya wote, tukala biriani.

Wiki ileile walikuja mafundi wakaing'oa seva. Kiyoyozi kilihamishiwa chumba cha mikutano na chumba changu kikajazwa maturubai na magurudumu ya malori. Watu wa ankara na wa hati wakaruhusiwa kufanyia kazi majumbani, na mimi pia nikaruhusiwa, tena nikaambiwa ni shukrani kwa kazi nzuri. Basi nikawa nashinda Mbaraki, kompyuta juu ya meza ya kulia chakula, na kitu kikiharibika namwandikia Jared, fundi wa ile kampuni inayotuhifadhia rekodi, yuko Nairobi, sauti yake sijawahi kuisikia, hunijibu kwa maandishi, "Imeshughulikiwa," basi. Mwanangu Kaingu, ndiye niliyenaye peke yake, anafanya kazi Doha, hunipigia kila Ijumaa, tunaulizana hali, kila mmoja ni mzima, tunanyamaza, tunaagana. Kuna siku nilitoka nikaenda Marikiti kununua nyanya nisizozihitaji, ili tu mtu abishane na mimi kuhusu bei.

Hapo ndipo Mercy anapoingia. Mercy ndiye anayetayarisha hati za kutolea mizigo, naye siku moja alikosea neno lake la siri mara nyingi, mfumo ukamfungia, akanipigia nimfungulie. Kumfungulia ni jambo la kubonyeza tu, lakini tulizungumza muda mrefu, akanieleza habari za mamake anayeumwa na miguu, wanaishi naye Kisauni, nikamuuliza hili na lile, akaniambia, "Hata ndugu zangu hawaniulizi hivi, Mzee Chonga." Usinielewe vibaya, Bi Aida, Mercy ni mke wa mtu na kwangu ni kama mdogo wangu. Ila nilipokata simu niligundua kwamba nimeizunguka nyumba nzima nikizungumza, na kwamba tangu juzi nilikuwa sijaitumia sauti yangu.

Wiki iliyofuata nililitazama jina lake kwenye kompyuta, nikabonyeza, nikamfungia. Haikupita muda simu ikalia. "Mimi tena," akasema. "Sijui nina mkosi gani na mashine hizi." Nikacheka naye, nikamwambia ni mambo ya wingu. Nikaendelea hivyo, na wengine wawili watatu pia niliwafanyia, lakini zaidi ni yeye, kwa sababu yeye ndiye alikuwa hana haraka ya kukata.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Wiki iliyopita nilimfungia asubuhi, nikakaa kungoja. Hakupiga. Nikajua baadaye kwamba aliona haya kunisumbua kila siku, akajaribu mwenyewe na kujaribu, na huku kuna kontena la mteja mkubwa linangoja hati zake, lori likaondoka tupu, mteja akahamaki, akatishia kupeleka mizigo yake kwengine. Bwana Saifuddin akauliza kulikoni, akaambiwa Mercy hufungiwa kila mara, naye akasema, "Mtu akifungiwa mara nyingi hivi, kuna mwengine anayejaribu kuingia kwa jina lake. Amempa nani neno lake la siri?" Katika biashara yetu hilo ni tuhuma nzito, kujua kontena gani lina nini na linatoka lini ndiko wezi wa mizigo wanakoanzia. Wamemwita kikaoni, na mimi, kama mjuzi wa mfumo, nimetakiwa nitoe maelezo.

Jana Mercy alinipigia akilia. Akasema, "Mzee Chonga, wewe wanijua. Waambie mimi si mtu wa hivyo." Tukazungumza karibu saa nzima, na hili ndilo linalonitia hofu juu ya nafsi yangu, Bi Aida, mtu analia kwa sababu yangu na mimi moyoni nilikuwa na furaha kwamba amenipigia.

Naweza kusema kosa ni la mitambo ya kina Jared, nitaaminiwa. Naweza kusema sijui. Nikisema kweli nitakosa kazi, na yeye nitamkosa. Nifanye nini?

Chonga, Mbaraki

*

Chonga ndugu yangu,

Barua yako imenifikia leo Jumatano, na kwa kuwa kikao ni Jumatatu nakutumia jibu hili kwa barua pepe sasa hivi. Gazetini nitalitia baadaye, ukiniruhusu, na majina nitayabadilisha.

Nimekusoma hadi mwisho. Pole kwa kufiwa na mkeo. Nakupa pole hii ingawa umesema pole hazikusaidii, kwa sababu nahisi hujawahi kukaa chini ukaipokea hata moja. Ulitoka makaburini ukaingia kwenye chumba cha kiyoyozi, watu wakakuzunguka, ukasahau. Siku chumba kilipoondoka, msiba ukakukuta uko peke yako, kama kwamba Nyevu amefariki mwaka jana. Hilo nalielewa, na halina aibu yoyote.

Hilo la pili lina aibu, wala sitakupambia. Umemfanyia uovu mwanamke aliyekutendea wema. Ulitumia mamlaka uliyokabidhiwa kazini kumsimamishia kazi yake, ukamfanya ajione mjinga, ukacheka naye, na sasa anakwenda kuitwa mwizi. Anayo nyumba inayomtegemea na mama anayeumwa na miguu. Na unaniuliza kana kwamba kuna njia tatu mbele yako. Ukimsingizia Jared, utakuwa umeharibia mtu wa pili, ambaye kosa lake ni kujibu kwa ufupi. Ukisema hujui, utakuwa umemtosa Mercy kwa mkono wako. Hizo si njia, ni uovu uleule ukiendelea.

Kesho ukiamka nenda Kisauni. Usipige simu, nenda, ukamwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu. Mweleze ulichofanya, bila ya kuanza na upweke wako, maana ukianza na huo atalazimika kukuonea huruma kabla hajapata nafasi ya kukasirika. Ana haki ya kukasirika. Usimwombe akusamehe kesho hiyohiyo. Ukitoka kwake, nyoosha moja kwa moja Shimanzi kwa Bwana Saifuddin, mwambie yote, na umwombe yale madaraka ya kufunga na kufungua watu ampe mtu mwengine. Akikufukuza kazi, itakuwa haki yake. Akikubakiza, omba ukae ofisini na watu. Hilo la kufanyia kazi nyumbani ni zawadi kwa mwenye nyumba yenye watu, kwako wewe ni kifungo, na hakuna atakayejua usiposema.

Jambo la mwisho ni mwanao. Kijana yuko ugenini, anauliza hali yako kila wiki, nawe kila wiki unamdanganya. Acha kumwambia u mzima. Wewe si mzima, na yeye ni mtu mkubwa, ataweza kulibeba. Fanya haya kabla ya Ijumaa, Chonga. Usilale na barua hii ukaamka na sababu.

Aida

*

Wiki chache baadaye Chonga aliniandikia tena, akaniruhusu kuyachapisha haya.

Bi Aida,

Nilikwenda. Mercy alikuwa anamkanda mamake miguu, akanikaribisha kwa furaha, na nilipoanza kueleza aliendelea kukanda hadi nikamaliza. Hakuniambia neno baya. Alifunika ile chupa ya mafuta, akasema, "Nenda kamwambie Bwana Saifuddin." Mamake aliniuliza mbona sinywi chai. Nikaaga.

Bwana Saifuddin alinisikiliza ameshika kichwa. Akasema, "Rekodi zangu zote ulizihamisha salama, kisha ukafanya hivi." Kikao kilifutwa siku ileile, na Mercy akaombwa radhi kwa maandishi. Mimi nilisimamishwa kwa muda bila ya mshahara, na mamlaka yangu akapewa Fahmi wa ankara. Niliporudi, nilipangiwa kukaa godauni kuwafundisha madereva kuandikisha mizigo yao kwa simu. Kuna joto na kelele, na wengine hawanitaki, maana habari zimeenea. Nayapokea yote.

Mercy, kila alipokuja ofisini, alipita mbele yangu bila ya salamu siku nyingi. Jumanne hii alisimama. Akaniuliza, "Kwani nambari yangu ulikuwa huna?"

Nikamwambia ninayo.

"Ungenipigia tu," akasema, akaenda zake.

Nilikuwa nimeshayafanya yote uliyoniagiza isipokuwa lile la mwisho. Jioni ile nilimpigia Kaingu. Hajazoea simu yangu siku isiyo ya Ijumaa, akapokea akiuliza ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ila nyumba hii imenishinda tangu mamako aondoke, na sina mtu wa kuzungumza naye. Nilisikia kelele za wenzake, nikasikia mlango ukifungwa, kelele zikaisha. Nikadhani simu imekatika.

"Bado nipo, baba," akasema. "Ngoja nitafute pa kukaa."