Juzuu ya Kumi na Saba

Mpendwa mshauri Bi Razia, assalaam alaykum. Naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana tangu Jumapili simu ikilia naiacha ilie.

Mimi ni mjane wa Kibokoni, mume wangu ametutoka miaka mitatu sasa, na kila mwaka tunamsomea hitima, Qur'ani nzima, lakini si kama zamani watu walipojaa ukumbini sanduku la juzuu likapitishwa kila mtu akachukua yake, siku hizi jamaa wametawanyika, mwengine Dubai, mwengine Toronto, kwa hivyo shemeji yangu Faraj anaweka orodha ya juzuu thelathini kwenye kundi la wasapu, kila mtu anaandika jina mbele ya juzuu moja, akimaliza anaandika "imesomwa", na zikitimia zote ndipo siku ya Ijumaa dua inaombwa.

Nina binti mmoja tu, Ruweida, ana miaka ishirini na sita, anafanya kazi duka la dawa kule Kizingo, na kundini hayumo, alijitoa zamani. Mwaka wa kwanza nikimwambia achukue juzuu ananijibu "nitaona", nikaona haya, watu watasema mtoto wa pekee hamsomei babake, nikaandika jina lake mimi kwenye juzuu ya kumi na saba, nikaisoma mimi, nikasema amemaliza yeye, na mwaka wa pili vivyo hivyo, na mwaka huu tena, ila mwaka huu macho yalinichosha, nikafika nusu, nikaandika imesomwa. Mungu anisamehe.

Sasa Jumapili Faraj akampigia kumsifu, kwamba yeye ni kigezo, na Ijumaa baada ya dua azungumze na wasichana wa ukoo. Ruweida akanijia. "Mama, miye sijui kama bado naamini, lakini sitaki kuambiwa nimesoma na sikusoma. Kawaambie, ama nitawaambia miye." Nikamuuliza, "Na nikifa, nani atanisomea?" Akanyamaza.

Bi Razia, kimya kile ndicho kinachoniua. Nikiwatazama watoto wa Toronto, kazi yao kutuma alama ya moyo tu, najiuliza, miaka hamsini ijayo atakuwepo mtu mjini hapa anayejua hitima ni nini, au dini inakwisha na sisi? Nimlazimishe? Nimuombe anyamaze mpaka Ijumaa ipite?

Mwenye Hofu, Kibokoni

(Majina tumeyabadilisha.)

BI RAZIA ANAJIBU:

Wa alaykum salaam, Mwenye Hofu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa kimya hicho, najua kinavyouma. Sasa nisikilize, maana nitakugombeza.

Unaniuliza habari za miaka hamsini ijayo. Sijui. Hujui wewe, hajui shemejiyo. Wapo waliosema zamani dini imekwisha, wakafa wao, na adhana bado tunaisikia. Wapo pia walioapa kwamba watoto wao hawataacha kuswali, na watoto wakaacha. Hilo Mwenyezi Mungu hakukuachia wewe uliendeshe kwa simu. Ulijitwisha juzuu moja ya ziada, na hiyo umeisoma nusu.

Hebu tazama ni nani nyumbani mwako aliyeiogopa Qur'ani. Wewe unayeamini uliandika imesomwa. Ruweida, asiyejua kama anaamini, amekataa katakata kusifiwa kwa aya ambazo hazikutoka mdomoni mwake. Bibi wee, mtu asiyejali angezipokea sifa akala na biriani! Sikwambii kwamba atarudi, huenda asirudi. Lakini ukimuomba anyamaze mpaka Ijumaa ipite, utakuwa umemfundisha kwamba dini ni kuwaridhisha jamaa, na hapo akiondoka moja kwa moja usiniandikie tena.

Leo hii mpigie Faraj. Usimwandikie, mpigie, asikie sauti yako. Mwambie ni wewe uliyefanya, jina la binti lifutwe, na mazungumzo ya wasichana hayapo. Atafoka. Mwache afoke, atachoka. Kisha kaa uimalize nusu iliyobaki, kurasa mbili, pumzika, kurasa mbili tena, Ijumaa haijafika.

Halafu mwite Ruweida umwambie, "Nisamehe, mwanangu." Usitie "lakini" baada ya hapo. Akitaka kuja Ijumaa kukusaidia kupakua chakula, mkaribishe, na asiulizwe swali. Akikataa kuja, mwekee chakula chake. Na lile la nani atakusomea ukifa usimuulize tena, hicho ni kitanzi unamvisha mtoto shingoni.

Hofu hiyo naijua, Bibi. Mimi sina mtoto hata mmoja. Hakuna jina ninaloweza kuliandika kwenye orodha ila langu, basi kila siku baada ya alasiri najisomea mwenyewe, ningali hai.