Mstari wa nyuma ya Dative

Épi, soma hii sasa. Dada yangu Dative amerudi nyumbani, ameketi ku jiko.

Leo banamama ba koperative ya sambaza, bale basamaki badogo ba ziwa, hapa Kamembe balichagua présidente. Unajua namna tunachagua: bakandida banasimama mbele, kila muntu anajipanga nyuma ya ule anapenda. Dative na présidente wa sasa balisimama.

Dative akangoja. Akageuka. Nyuma yake batatu tu.

Tumukunde hakuwamo. Tumukunde, Épi, ule balivuka naye mto Rusizi bakikimbia vita ya 96. Alikuwa upande ule mwingine, anatazama viatu vyake.

Na njo huyu kila asubuhi, bakianika sambaza, radio ikisema mambo ya Amerika, anabishana na Dative. Dative anasema Amerika inatetea demokrasia. Tumukunde anacheka: "Amerika haina rafiki, iko na faida yake tu. Siku utaihitaji, utaikuta kwa mwenye nguvu."

Dative akamufuata pale pale. "Tumu, ni weye kweli?"

Akajibu polepole, bila haya: "Ingekuwa kura ya siri kama ya Amerika yako, ningekupa. Lakini présidente alikuwa ananitazama, na yeye njo anatugawia sambaza."

Ningekupa. Dative anarudilia neno hilo tangu saa sita. Ningekupa.

Mimi bado hajaniuliza nilisimama wapi.

Tumukunde ni mrefu, Épi. Nilikuwa nyuma yake.