Pua ya Dunyha

Jumapili, 20 Januari

Chakula cha mchana kwa dada Etelka. Supu ya samaki, kali kama kawaida. Dunyha, mbwa wake, hakuja mlangoni kunilaki — jambo geni. Alikuwa amelala nyuma ya jiko, pua imevimba, nyeusi ti kama lami. Krismasi pua hiyo ilikuwa ya waridi. Mbwa wengi wa aina yake, kuvasz, hupauka pua wakati wa baridi, na majaji wa maonyesho huwakata alama. Nikauliza. Etelka akasema kaumwa na nyuki.

Nyuki! Theluji imefika magotini.

Keki niliiacha.

Jumatano, 23 Januari

Silali vizuri. Oktoba niliandika gazetini habari za Bokros, aliyempaka mbwa wake penseli ya nyusi puani. Alifungiwa maonyesho msimu mzima. Kila neno lilikuwa kweli. Ningeliandika tena leo. Hapo ndipo penye shida.

Alhamisi, 7 Februari

Nimemuuliza waziwazi. Hakukana. Tatuu ya puani — kwa fundi anayechora mabega ya madereva wa malori. Mbwa alichomwa sindano ya usingizi kwanza.

"Wino tu, mdogo wangu. Alizaliwa na pua nyeusi. Nimemrudishia chake."

Nikamwambia mbwa hakuulizwa.

"Na wewe ulimuuliza nani ulipopaka hizo nywele rangi?"

Nikasema nilijiuliza mwenyewe, na hazikuniuma. Akasema maonyesho ya Jumamosi ndiyo nafasi ya mwisho: Dunyha akishinda ni bingwa, asiposhinda amezeeka, basi. Tangu tumzike shemeji hana jambo jingine analoamkia.

"Ukiandika, Vilmos, usinijie tena hapa."

Dunyha alikuwa chini ya meza. Nilimpelekea mkono anuse. Akarudi nyuma. Zamani angeulamba.

Jumamosi, 9 Februari. Ukumbini

Naandikia magotini, safu ya pili. Makoti yanatoa mvuke, nywele za mbwa zimo hadi kwenye kahawa. Bokros kaja kukaa kando yangu — na viti tele vitupu! Kanikaribisha soseji. Eti pua ya mbwa wa dada yangu imekolea vizuri kwa mwezi wa Februari.

"Mimi mjinga," akasema. "Nilipaka inayofutika."

Anajua. Au anabahatisha.

Wameingia. Etelka kavaa koti la bluu la siku ya arusi ya binti yake. Jaji, mama mfupi mwenye miwani, anatoa leso nyeupe. Tangu habari yangu ya Oktoba, majaji wote huja na leso. Anafuta pua ya mbwa wa kwanza. Safi. Wa pili, safi. Zamu ya Dunyha — anavuta kichwa nyuma, Etelka anamshika taya. Jaji anasugua. Anasugua tena, kwa nguvu. Dunyha analia kidogo. Wengine wanacheka: mtoto wa mama!

Leso nyeupe pe.

Makofi. Jaji ananitafuta kwa macho, anaipeperusha leso juu niione. "Haya, bwana mwandishi! Leo tuandikie habari njema!"

Watu wamegeuka kunitazama. Etelka pia. Yeye hatabasamu.

Bokros ananinyooshea kalamu yake. Yangu ninayo mkononi —