Tochi ya Kichwani Siivui

Ijumaa, Bunju. Mvua imekatika tangu adhuhuri, mawingu bado yamekaa palepale, na mie nina hasira.

Si hasira ya kugombana. Ya kugombana nimeimaliza leo alasiri barazani kwa Balozi, mbele ya nyumba kumi zote. Hii iliyobaki ni ile inayomfanya mtu asonge ugali kwa nguvu mpaka sufuria ikimbie jikoni. Nimekula, nimeosha vyombo, sasa naandika kabla sijasahau nilivyosema. Maana nilisema vizuri, acha nijisifu mwenyewe, hakuna mwingine atakayenisifu.

Baba aliniachia minazi, na neno. Neno lenyewe alilisema kitandani, mdogo wake, Baba mdogo Salehe, akiwa upande huu, na Balozi wetu Mzee Kondo upande ule. Alisema minazi ni ya Mwajuma, ndiyo mie, maadamu anaikwea mwenyewe. Siku akishuka akaacha kukwea, iende kwa Salehe, aweke mgema wake. Wote wawili wakaitikia. Baba hakuzaa mtoto wa kiume, na alinifundisha kukwea nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Alijua anachokisema.

Basi tangu azikwe, Baba mdogo ananingojea nishuke.

Kwanza alisema ni aibu mwanamke kukwea. Nikavaa kaptula ya marehemu, nikafunga kanga juu yake, kibwebwe kiunoni, nikakwea. Akasema nitaanguka. Hapo alikaribia kusema kweli, kwa sababu ya giza. Mchana wote tuko shamba la kijiji, jembe mkononi, huwezi kumwambia katibu kwamba minazi yako inakuita. Kwa hiyo nakwea alfajiri kabla ya ngoma ya kwenda shamba, na jioni nikirudi, na mnazi wa mwisho naumaliza magharibi imeshaingia. Tembo, pombe ya mnazi, halingoji. Usipolikata ua la mnazi asubuhi na jioni linakauka, na vibuyu vinabaki vitupu.

Nilianza na chemli. Nikaining'iniza kiunoni, mafuta ya taa yakanimwagikia pajani, na kule juu upepo ukaizima. Nikaazima tochi ya Baba mdogo, ile ndefu ya kung'aa ya betri tatu, nikaiuma kwa meno. Nilikwea na kushuka nikitokwa na udenda, taya likiniuma mpaka nikashindwa kula wali. Siku moja ikaniponyoka. Nikaifuata kwa macho, mguu ukakikosa kidato cha kukanyagia, nikateleza na shina kifua kizima. Ngozi yangu nyingine iko kwenye mnazi ule mpaka leo. Nililia, si kwa maumivu, nililia kwa kuwa nilimsikia Baba mdogo kule chini akiuliza kama tochi yake imevunjika.

Ilikuwa imevunjika kioo. Nikamlipa, tukaachana.

Ndipo nikaenda duka la ushirika kununua yangu. Siku hiyo zilikuwepo za aina mbili, na mwenye duka akanisukumia ile kubwa: ina kichwa cha kuzungusha mwanga uwe mwembamba au mpana, ina kioo chekundu na cha kijani, inapepesa yenyewe. Nikamuuliza, hiki kioo cha kijani nimwonyeshe nani kule juu, nyigu? Akacheka. Nikaichukua ndogo ya bati, ya betri mbili, yenye kitufe kimoja tu cha kusukuma mbele na nyuma. Nikaiwasha na kuizima pale kaunta mpaka watu wa foleni wakaguna. Nikaidondosha makusudi juu ya gunia la sukari, ikaendelea kuwaka. Nikauliza glopu yake ni ile ya kawaida inayopatikana kila mahali? Ni hiyohiyo. Betri zikichoka ninazianika juani juu ya bati, zinapata nguvu siku mbili tatu nyingine. Mie nataka kitu ambacho kikiharibika nakijua.

Nikarudi nyumbani, nikachukua ngata yangu, ile ya kanga kuukuu ninayobebea ndoo ya maji, nikaivuta ikashika paji la uso. Tochi nikailaza juu yake, nikaifunga kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli, imekaza lakini haibani. Nikatikisa kichwa, nikainama, nikaruka. Haikusogea.

Mikono miwili mitupu na mwanga mbele ya macho! Niliimba nikikwea.

Jioni ya kwanza, kusema kweli, watoto walikimbia wakipiga kelele kwamba mumiani kapanda mnazi. Mama mmoja akafunga mlango hadi asubuhi. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiwa nimeivaa, nikawaruhusu waishike, waiwashe. Ikaisha hivyo. Wiki ya pili wakawa wananiita nikiwa juu, "Mwajuma, nimulikie kuku wangu kaingia wapi!" Nageuza kichwa, namulika, kuku anaonekana.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na hakuna aliyeliona, hata mie.

Huku kwetu mkwezi hakwei mpaka apige ukelele. Anasimama chini ya mnazi anaita, "Mkwezi juu!" ili aliye bafuni ajifunike, maana mabafu yetu ni uzio wa makuti, juu wazi. Lakini ukelele huo ni wa mchana. Magharibi haupigwi, tangu zama za babu zetu, kwa sababu aliye juu gizani haoni kitu. Nami nikakwea magharibi kimyakimya kama nilivyofundishwa. Sikuwaza kwamba safari hii giza nimeliondoa mwenyewe.

Juzi Jumatano, nikiwa kwenye mnazi wa mpakani, Mama mdogo Tatu, mke wa Baba mdogo, aliniita kutoka uani kwake kuniuliza kama tembo la kuumulia vitumbua limepatikana. Nikageuka kumjibu. Tochi ikageuka nami.

Mwanga haukumwangukia Mama mdogo. Ulianguka bafuni.

Sitaandika nilichokiona. Nitaandika tu kwamba alikuwa na povu kichwani na kopo mkononi, kwamba ni ndugu wa baba yangu, tumbo moja, na kwamba alinibeba begani nilipokuwa mdogo. Nikafumba macho nikiwa juu ya mnazi, jambo ambalo mkwezi hatakiwi kulifanya kabisa. Nikasikia kopo likianguka. Niliizima tochi nikashuka kwa kupapasa, na usiku ule sikula.

Aibu niliyoipata, Mungu anaijua. Ningekuwa na mlango wa kumwendea nikamwomba radhi ningemwendea. Lakini utaanzaje? Shikamoo Baba mdogo, nisamehe nilikuona? Afadhali ardhi ipasuke.

Nikadhani atanyamaza kama mie. Thubutu! Jana tu akaenda kwa Balozi kushtaki. Hakusema kilichompata. Alisema wanawake wa hapa wanachunguliwa uani, staha imekwisha, na huyo Mwajuma ama avue taa yake ama ashuke minazini moja kwa moja. Na wote tunajua nikishuka moja kwa moja minazi inakwenda wapi.

Kwa hiyo leo barazani nilifika nayo kichwani. Mchana kweupe, nimeivaa, na sikuizima. Watu wakanong'ona weee.

Nikawaamkia wazee. Balozi akaitikia marahaba, akanipa nafasi niseme. Alianza kwa upole, ni mzee wa haki, akaniambia, "Mwanangu, si uishike mkononi tu kama watu wengine?"

Nikasimama nikakumbatia nguzo ya baraza lake. Nikamwambia, "Mzee wangu, mkono huu umeshika mnazi. Huu umeshika kotama ya kukatia. Kibuyu kiko kiunoni. Huo mkono wa tatu niuazime kwa nani?"

Wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Akasema hayo ni maneno ya ujeuri, kwamba marehemu kaka yake hakuwahi kufunga taa usoni na alikwea miaka yote. Hapo moto ukanipanda. Nikamwambia kwa adabu, lakini kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba marehemu hakupigiwa ngoma ya shamba la kijiji alfajiri, alikwea jua likiwaka. Kwamba kifua changu kina kovu la ile tochi yake ya kung'aa. Kwamba nimechagua hii kwa akili zangu, nimeifunga kwa mikono yangu, haijaniangusha hata siku moja, na siivui. Ng'o! Nikashuke nikamwachie mtu minazi kwa sababu ya tochi ya bati? Ng'o tena!

Balozi akanyamazisha watu. Akawageukia wanawake, akauliza, ni yupi kati yenu aliyemulikwa akioga? Aseme bila kuogopa.

Hakuna aliyesimama.

Akauliza tena. Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema yeye amemulikiwa kuku tu. Mwingine akasema, kwani Mwajuma si mwanamke mwenzetu, hata akinimulika itakuwa nini? Basi Balozi akamwangalia Baba mdogo, akamuuliza taratibu, "Sasa Salehe, nani ameonekana?"

Baba mdogo akatazama vidole vyake vya miguu. Na mie, pamoja na hasira zote nilizokuwa nazo, nilitazama vyangu. Jibu ninalo. Ningelitoa, kesi ingekwisha palepale, kwa kicheko ambacho kingemfuata hadi kaburini. Lakini huyo ni baba yangu. Watu wangesema Mwajuma kamvua nguo baba yake mara ya pili, mbele ya baraza. Nikauma midomo.

Ndipo Mama mdogo Tatu akasimama, akajifunga kanga vizuri. Hakumtazama mtu. Akasema, "Ndugu Balozi, bafu lililo chini ya minazi ya Mwajuma ni moja tu, letu. Halina paa. Tangu masika ya mwaka jana namwambia baba watoto aezeke, ananiambia kesho. Mie naona kesi hii ni ya makuti." Akakaa.

Loo! Nani hakuelewa? Watu wazima walikohoa, waliinama, mmoja akatoka nje kabisa akishika mdomo. Balozi alipangusa miwani yake muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kisha akatoa hukumu: Salehe aezeke bafu lake. Mwajuma apige ukelele wa mkwezi kila anapokwea, mchana na magharibi, maana giza alilokuwa anajifichia mtu sasa halipo. Taa ibaki ilipo. Na minazi ibaki ilipo.

Nilitaka kupiga vigelegele. Sikupiga. Nilimwona Baba mdogo akiondoka peke yake, mabega yamemshuka, nikaona kazeeka. Namkasirikia mpaka sasa hivi, na bado nilimwonea huruma.

Makuti ananunulia wapi, naye hana mnazi hata mmoja? Nikasema moyoni, nitamkatia mie. Kutoka minazi hiyohiyo. Asilale akidhani nampa kwa kumwogopa, nampa kwa kuwa ninayo.

Magharibi ikaingia. Nikafunga kibwebwe, nikavaa ngata, nikakaza tyubu. Nikasimama chini ya mnazi wa mpakani, tochi imezimwa, nikavuta pumzi nikaita kwa sauti yote aliyonipa Mungu:

"Mkwezi juuu!"

Maji yalikuwa yakimwagika upande wa pili wa uzio. Yakakoma. Nikasikia kopo likiwekwa chini. Nikangoja gizani, mkono kwenye shina. Sikujua kama atanitukana au atanyamaza tu mpaka nikeshe pale.

Mara ikaja sauti yake, nzito, ya mtu anayejifunga shuka.

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Nikangoja. Mlango wa uzio ukalia, hatua zikaelekea nyumbani, zikasimama. Halafu yule aliyeningojea nishuke tangu siku tuliyomzika baba akasema, kwa sauti ya kutosha majirani wote kusikia:

"Haya. Kwea."

Nikawasha tochi, nikakwea.

Nimekata makuti mapana ya chini, yameanguka upande wake wa mpaka. Asubuhi nitakwenda na Mama mdogo tukayasuke. Betri zimeanza kufifia, nimezitoa, ziko dirishani. Jua likitoka zitapanda juu ya bati, na jioni zitapanda na mie.