Betri Mbili za Juu ya Bati

Kigera, Musoma
Jumapili, 15 Desemba 1985

Mpendwa dada Wakuru,

Leo nakuambia yote, hata yale yatakayokufanya utake kuikunja barua hii kabla hujafika mwisho. Nakuomba usiikunje.

Unakumbuka alasiri ya kwanza baba alipotufundisha umeme? Ulikuwa na wiki mbili tu tangu utoke Butiama kuja kusoma huku kwetu, na darasani kitabu cha fizikia kilikuwa kimoja kwa wanafunzi sita. Baba aliweka mezani mita yake ya kazini, betri mbili, waya na globu ya tochi. "Mita ni moja, kwa hiyo mtapima mara mbili," alisema. "Volti kwanza, globu ikiwa inawaka. Halafu ampea. Msinipimie betri iliyolala." Volti gawanya kwa ampea, tunapata ukinzani kwa omu. Volti zidisha kwa ampea, tunapata nguvu kwa wati. Mimi nilihitaji karatasi. Wewe uliangalia dari kidogo, ukataja jibu.

Wivu wangu ulianzia hapo. Baba akaanza kukuita fundi. "Fundi, njoo uone hii pasi." Mimi niliyezaliwa nyumba hii niliendelea kuwa Nyamisi tu. Penseli anayoiweka sikioni, ambayo sikuwahi kuruhusiwa hata kuichonga, siku moja niliikuta ndani ya daftari lako. Na ulikuwa mwema, jambo lililonikera zaidi. Nilipokosea ulininong'oneza ili baba asisikie. Nilitamani ungenicheka, nipate sababu.

Mwezi uliopita baba akasema anakwenda Bunda kufunga mota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na atachukua mmoja wetu wa kumwandikia vipimo. "Mimi sibagui. Atakayenipa jibu sahihi la globu hii ndiye atakayepanda gari."

Nilitangulia mimi. Volti 2.8, ampea 0.2. Omu 14, wati 0.56. Ukaja wewe, ukapima volti, 2.8 kama zangu, ukaandika. Ndipo mama alipokuita jikoni umgeuzie samaki wa furu kikaangoni, maana mikono yake ilikuwa na unga. Baba alikuwa uani anaongea na jirani. Nikabaki na globu peke yangu.

Unazijua betri zetu za redio, zile mama alizozoea kuzianika juu ya bati miaka ambayo betri mpya hazikuonekana dukani. Zikipata jua kutwa nzima, redio inasema robo saa kisha inakata. Sasa maduka yameanza kuwa na vitu, lakini mama hajaacha, bado anazianika. Mbili zilikuwa dirishani. Nilitoa zile mpya nikaweka hizo. Globu ikafifia kidogo, nikasogeza meza kwenye mwanga wa dirisha ili usigundue.

Ulirudi unapangusa mikono kwenye khanga, ukapima ampea. 0.14. Ukasita, ukanitazama, nami nikainamia daftari langu. Ukagawanya, omu 20. Ukazidisha, wati 0.392. Ulipotoka kwenda kumwita baba, nikarudisha betri mpya.

Baba akapima mwenyewe. "Wakuru, hii sifuri nukta moja nne umeitoa wapi?"

"Nimepima, baba mdogo."

"Umepima au umeota? Mnaandikaga tu namba ili mwalimu aridhike. Kwenye mota, namba ya uongo inaua mtu."

Ulifunga daftari, ukamrudishia penseli yake.

Basi nikaenda Bunda mimi. Nilitegemea kufurahi. Lakini kila mota tuliyoifungua, baba alisema, "Hii Wakuru angeipenda." Siku tatu nzima. Nilikuwa nimekushinda, na bado kila alipofurahi alikutaja wewe.

Tuliporudi, mama akasema umekwenda kwenu, hurudi tena Kigera, na kidato cha tatu unaacha fizikia. "Kasema umeme si wake," akasema. Nimeahidi kusema yote, kwa hiyo nakiri kwamba siku hiyo nilifurahi. Kesho yake nilifungua daftari ulilosahau chini ya kitanda. Ukurasa mzima umepiga hesabu ileile, 2.8 gawanya kwa 0.14, mara tisa, unatafuta ulipokosea. Hukuwa umekosea popote. Nilikaa sakafuni na lile daftari mpaka mama akaniuliza naumwa nini.

Jana nilimwambia baba. Hakunipiga. Alileta mita, akasema nimwonyeshe. Nikaweka betri za bati, tukapima zote mbili, globu ikiwa inawaka. Volti 1.9, ampea 0.14. Nikagawanya. Zaidi kidogo ya omu 13 na nusu, karibu sawa na jibu langu la kwanza. Globu ilikuwa ileile. Baba hakuangalia hesabu yangu. Alikuwa anaiangalia ile 0.14.

"Kumbe alipima," akasema. "Mtoto wa watu alipima." Akatoka nje.

Mama Sabina anayeuza dagaa atakupa barua hii gulioni, na atasubiri jibu mpaka amalize kuuza. Jumamosi baba anakuja Butiama kukuomba msamaha, na kukuchukua ukikubali. Mimi hajawahi kunifuata mahali popote. Hata kuliandika hilo kunanichoma, na sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Lakini nataka urudi, na nataka uchague fizikia, hata kama utakuwa mbele yangu miaka yote.

Nimemwomba baba nije naye, niseme nilichofanya mbele ya baba mkubwa na mama mkubwa, maana najua kwenu nao wanaamini uliandika uongo. Amekataa kuniamulia. Amesema wewe ndiye wa kuulizwa.

Salamu zangu kwa wote hapo nyumbani. Andika neno moja tu, hata nyuma ya karatasi hii, umpe Mama Sabina.

Nije?

Mdogo wako,
Nyamisi